Karani na Kesi ya Upepo

Karani hakuamini kitu bila ushahidi, hata baridi. Ungemwambia asubuhi, hapa kwetu Bahati, umande umelala juu ya nyasi kama mtu amemwaga chumvi, kwamba leo kuna baridi, naye angekuuliza umejuaje. Ukimwonyesha meno yako yanavyogongana, anasema hayo ni meno. Baridi yenyewe iko wapi?

Miaka yake yote ya kazi aliketi mahakamani chini ya hakimu, akiandika. Yeye ndiye aliyekuwa akiita majina, akishika faili na kunakili kila mtu alichosema, na nadhani kichwa chake kiliishia kuwa na umbo la kabati. Alistaafu kabla sijazaliwa, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Mama yangu, anayemuuzia maziwa, humwita Karani. Watoto wa mtaa humwita Karani. Siku moja nilimwambia hata marehemu mkewe lazima alimwita hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Siku za Idi hakuniita hivyo."

Alikuwa na neno moja la kujibu mambo yote ya maana: "Imeandikwa." Ukimpa salamu za mtu, imeandikwa. Ukimwambia mama amesema maziwa ya kesho yatachelewa, imeandikwa. Hakuwa na kalamu wala daftari. Alikuwa akiandika humo humo kichwani. Na ukileta mchezo, na mimi ni mtu wa kuleta mchezo, mwalimu wetu wa zamu ameshanitungia adhabu ambazo hazijawahi kutumika kwa mwanafunzi mwingine yeyote, alikuwa na neno la pili: "Hiyo haiandikwi." Hilo la pili nimelisikia mara nyingi kuliko kengele ya shule.

Gari lake limemzidi mama yangu umri. Ni la buluu, buluu ya shati lililofuliwa mpaka likasahau duka lilikotoka, na lina taa mbili za duara mbele zinazolifanya lionekane kama limeambiwa jambo la kushangaza. Usukani ni mwembamba na mpana kama ungo. Mlango wa abiria haufungwi kwa nguvu. Unasindikizwa, alivyokuwa akisema yeye, mpaka utoe mlio mmoja tu. Ukiubamiza, Karani hakukugombeza. Alitoka, akazunguka gari lote kwa hatua za pole, akaufungua, akaufunga yeye, akarudi kukaa. Ukishafanyiwa hivyo mara mbili, unajifunza kusindikiza.

Kila siku ya kazi, mtu huyu aliyestaafu zamani alivaa tai, akaliwasha gari saa kumi na mbili kasorobo, akaenda mjini Nakuru, akaliegesha mkabala na mahakama. Ananunua gazeti. Anasalimiana na askari wa getini. Anangoja. Lango likifunguliwa, anatazama saa yake, anatikisa kichwa kwamba sawa, anawasha gari anarudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema lazima awepo mtu wa kuhakikisha wamefungua kwa wakati.

Mimi niliingia kwenye safari hiyo kwa sababu ya kifua. Nina pumu. Hewa baridi ikinishtukiza, kifua kinaanza kupiga filimbi kama refa wa mechi mbaya, na kutoka Bahati hadi shuleni mjini kwa boda, saa kumi na mbili asubuhi, ni hewa baridi mwanzo mwisho. Nilipoanza kidato cha tatu mama akamwomba Karani anibebe, kwa kuwa anapita papo hapo. Karani akauliza swali moja tu: je, msichana huyu huongea? Mama ni mtu wa kanisa, hasemi uongo. Ikamchukua Karani siku mbili nzima kufikiri.

Siku ya kwanza nilisindikiza mlango kwa kuubamiza, nikasema, "Niaje, mzee." Karani hakuwasha gari. Aliweka mikono kwenye usukani, akatazama mbele, na tukakaa hivyo mpaka vioo vikaanza kufanya ukungu. Mwisho akasema kwa upole kwamba yeye watu humsalimia shikamoo. Kiswahili chake ni cha kwao pwani, kimepigwa pasi, hakuna mkunjo. Huku kwetu shikamoo tunakutana nayo kwenye vitabu vya darasa la nne, tukitoka hapo tunaachana nayo kwa amani. Nikaisema kwa sauti ya roboti. "Marahaba," akajibu, na gari likawaka.

Kuhusu mavazi yake nimesema mengi, na mengine nimesema mbele ya darasa, yakashangiliwa. Tai, koti la kijivu, suruali yenye mkunjo wa kukata mkate, halafu juu ya hayo yote marvin nyekundu ya kufumwa, ile kofia ya sufi ambayo kwetu huvaliwa na walinzi na watoto wachanga. Baridi ya Julai ilipoingia akaanza kuivuta upande, ikafunika sikio la kulia lote huku la kushoto likibaki wazi linachungulia dunia. Akaongeza na glovu, lakini moja, ya mkono wa kulia. Nikamwita Mheshimiwa Sikio Moja. Nikamuuliza kama glovu ya pili ilikamatwa. Nilikuwa na uigizaji wangu wa Karani akiendesha gari, sikio moja nje, mkono mmoja umevishwa, na nilikuwa nikiufanya mbele yake kabisa, pale kwenye kiti cha abiria. "Hiyo haiandikwi," anasema, macho barabarani.

Sasa, baridi. Gari hilo lina matundu mawili ya hewa kwenye dashibodi, ya duara, moja kila pembe, na katikati kuna kijiti cha kusukuma ukitaka yafungwe. Ukisukuma kijiti, kitu kinagonga huko ndani, tap, unajua pamefungwa. Halafu gari linashika kasi kwenye mteremko wa kuelekea mjini na tundu la kushoto linaanza kunipulizia usoni kama mlango wa friji uliosahauliwa wazi. Upepo huingia kupitia wavu ulio chini ya kioo cha mbele, unashuka kwenye sanduku la bati nyuma ya dashibodi, na humo ndimo kinamokaa kilango cha kuuzuia. Kilango hicho kilikuwa kama mlinzi wa duka la jirani yetu. Kipo kazini, lakini kila kitu kinapita.

Nilipokohoa njia nzima kwa siku tatu, Karani hakuniambia pole. Pole si neno lake. Alisema, "Mshtakiwa ni nani?"

Nikamwambia mshtakiwa ni gari lake. Akasema huwezi kushtaki gari zima. Hiyo ni kama kukamata kijiji. Lazima ijulikane ni tundu gani, ni kiungo gani, na hatafungua skrubu hata moja ya kitu ambacho hakijathibitika kuwa na hatia. Jioni akafumua ukingo wa ile marvin, akakata nyuzi nne za sufi nyekundu, akazifunga kila mahali panapoweza kupitisha hewa: tundu la kushoto, tundu la kulia, chini karibu na magoti yangu, na kwenye kiungo cha dashibodi na kioo. Uzi ukicheza, hapo pana upepo. Uzi ukilala, hapo ni safi. Kwa kuwa dereva anatazama barabara, mwenye kutazama nyuzi ni mimi. Kuanzia hapo hakuniita Shiku tena. Nikawa Shahidi.

Manze, hiyo kazi niliipenda. Tukifika kwenye mteremko wa kwanza anauliza, "Shahidi unaona nini?" nami natoa taarifa kama mtangazaji wa mpira. Kushoto anacheza, anacheza sana, kulia naye anacheza kiasi, magotini amelala fofofo. "Imeandikwa." Na alitaka asubuhi nyingi, za mvua, za upepo, za mwendo wa pole na wa kasi, kwa sababu, alisema, siku moja huweza kudanganya.

Kabla kesi haijaiva, fundi mmoja wa pale sentani, kwenye maduka yetu, alimcheka. Akamwambia, "Karani, hiyo ni kazi ya dakika kumi," akakata kipande cha godoro kuukuu, akakishindilia ndani ya lile sanduku kupitia kwenye wavu. Na kweli, siku mbili nyuzi zote zililala. Kisha mvua ikanyesha. Maji ya kioo hushukia pale pale kwenye wavu, sponji ikayanywa yote, ikavimba, ikakauka, ikaoza. Jumatatu moja, mteremkoni, tundu la kushoto likakohoa, likanitemea godoro. Vipande vya manjano, vidogo vidogo, kichwani, kwenye sweta, mdomoni. Nilifika paredi ya asubuhi nikiwa kama mtu aliyelala ndani ya kiporo cha ugali, na kwa mara ya kwanza shule nzima ilicheka jambo ambalo sikulipanga. Karani alichambua kila kipande kwenye mazulia yake kwa vidole. "Nilifanya haraka," akasema, ingawa aliyefanya haraka alikuwa fundi.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka pande zote. Yeye na saa yake walikuwa kitu kimoja, lakini angeona kobe anavuka barabara angesimamisha gari, akashuka na tai yake, akamsindikiza mpaka ng'ambo, wala huwezi kumharakisha, si Karani, si kobe. Tulichelewa shule mara mbili kwa ajili ya kobe, na mwalimu wa zamu hakuamini hata mara moja. Alisema hapendi kelele, ndiyo maana redio ya gari ilikuwa imenyamaza miaka mingi, halafu unamkuta anaosha zile taa za duara huku anaimba kwa sauti ambayo ng'ombe wetu huacha kula ili wasikilize. Na mtu huyu wa ushahidi, mtu wa haki, alikuwa akiiba kwenye drafti. Nilimwona kwa macho yangu akisogeza kete kwa kiwiko. Nilipomshtaki akaniuliza kama nina shahidi wa pili.

Kusifu hakujui. Nilipopata alama nzuri ya Kemia, nikamwonyesha karatasi kwenye taa nyekundu, akaisoma yote, maswali na majibu, mpaka magari ya nyuma yakapiga honi. Akanirudishia. Akasema swali la saba nimelijibu ovyo. Lakini jioni mama akaniambia Karani amekuja kuchukua maziwa na kumweleza habari za Kemia kwa nusu saa, na maziwa akayasahau.

Kuna sehemu ambayo sipendi kuisimulia, nayo ni yangu mimi.

Ilikuwa Juni, Ijumaa, na nilikuwa nimechoshwa na nyuzi. Kila siku taarifa ile ile: kushoto anacheza. Karani alikuwa karibu kutoa hukumu, na mimi nikaona kesi imepoa, inahitaji msisimko. Tulipofika mteremkoni nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaupuliza ule uzi wa magotini kwa mdomo. "Karani, magotini anacheza kuliko wa kushoto." Akatupa jicho mara moja, akauona uzi unapeperuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba karibu angemfunga asiye na hatia.

Jumamosi nzima alilala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, mzee wa umri ule, akiziba kiungo cha chini ambacho hakikuwa na kosa lolote. Nilipita na maziwa nikaona viatu vyake vilivyong'arishwa vimeelekea mbinguni. Nikavipiga picha. Nikaicheka hiyo picha na marafiki zangu mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu tukashuka mteremko. Hewa ile ndogo iliyokuwa ikipotelea chini, isiyotosha hata kuchezesha uzi, haikuwa na njia tena, basi ikaja yote kwenye tundu la kushoto, usoni, kooni. Nilicheka kidogo, halafu sikuweza kucheka. Kifua kilifunga kama ngumi. Nikaitafuta inhela chini ya vitabu, nikaikuta, nikaibonyeza, ikatoa pumzi moja ya mwisho na kuisha. Nakumbuka Karani akisimamisha gari, akavua koti lake, akanifunika nalo kichwa na mdomo nipumue humo ndani kwenye joto. Koti lilinukia karafuu na rangi ya viatu. Akageuza gari. Sijawahi kumwona akiendesha hivyo, na nadhani gari lenyewe halikuwahi. Pale zahanati ya sentani wakaniwekea mashine ya mvuke, na nilipoweza kuona vizuri, Karani alikuwa amesimama ukutani na shati lake na tai yake, marvin ameishika kwa mikono miwili.

Mama alikuja na harufu ya maziwa mikononi. Hakupiga kelele, na mama asipopiga kelele ujue mambo ni mazito. Alisema hii ikitokea tena mara moja tu, nitahamia kwa shangazi Mai Mahiu, kule chini kwenye joto, nisomee huko. Shangazi ana kibanda cha chai cha madereva wa malori, ni mtu mzuri, ana chapati ambazo ukizila unasahau dhambi zako. Lakini ningekuwa mgeni katikati ya kidato cha tatu, shule nisiyoijua, nikianza upya kutafuta mtu wa kucheka ninachosema. Mama alikuwa ameshampigia simu. Na baridi ya Julai ilikuwa bado haijafika.

Nilingoja siku mbili, kisha nikaenda kwa Karani. Alikuwa kwenye ngazi anang'arisha viatu. Nikamwambia yote, uzi, mdomo, kamba ya kiatu, mpaka ile picha. Sikutia kichekesho hata kimoja, na hiyo ilikuwa kazi kuliko kupumua.

Akaniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ninajua shahidi akisema uongo hufanywa nini. Nikasema hufungwa.

"Huitwa tena," akasema. "Aseme upya. Hicho kiti hakina shahidi mwingine."

Akarudi kwenye kiatu. Mama hakuambiwa mpaka leo, labda asome haya.

Alilifungua gari Jumamosi mbili mfululizo, na safari hii nilikuwepo, si kwa kusaidia, maana hakuniruhusu kugusa bisibisi, bali kwa kusema nilichoona. Aliutoa uso mzima wa dashibodi akaulaza juu ya shuka kama mgonjwa. Kila skrubu ikaenda kwenye kikombe chake cha chai, kila kikombe na karatasi yake, na siku hizo mbili tulikunywa chai kwenye bakuli. Ndani kabisa tukakikuta kile kilango. Bati dogo, upana wa kiganja. Zamani kilikuwa kimezungushiwa ukingo wa kitambaa kizito, ndicho kilichokuwa kikiziba. Sasa kilikuwa kimeliwa chote, zimebaki nywele mbili tatu na gundi iliyokauka. Ile tap niliyokuwa nikiisikia ilikuwa bati tupu likigonga bati.

Karani alifurahi kama mtu aliyetajiwa jina la mwizi wake. Kisha akakaa akifikiri atumie nini. Mpira wa tyubu ulikuwa mgumu. Sponji tulishaila. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kijani, kizito, kina madoa ya wino. Kilikuwa kimetandikwa juu ya meza yake mahakamani, na siku alipostaafu walikikunja wakampa. Kilikuwa kikikaa juu ya kabati lake, chini ya picha ya mkewe. Nikamwambia, "Karani, hicho si ni kile..." Akaniuliza kama nina kingine kinachofaa. Akapima ukingo wa kilango kwa uzi mwekundu, akakata kwa mkasi wa kucha, pole pole, akapaka gundi, akabandika. Kijiti kiliposukumwa, hatukusikia tap. Tulisikia kitu kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi.

Jumatatu nyuzi zililala zote nne. Lakini kumbe gari nalo lina mapafu. Hewa ilipozibwa kabisa, pumzi zetu sisi wawili zikajaa kwenye kioo cha mbele, kikawa cheupe pe, na Karani akamkosa punda wa mkokoteni kwa nafasi ya kitabu. Tukarudi tukitambaa, mimi nikipangusa kioo na sweta. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufikiria zile chapati za shangazi kwa upande wao mzuri. Siku iliyofuata Karani akaniambia kesi imeahirishwa, nikae nyumbani siku moja. Kesho yake tukashuka mteremko, kioo kikiwa safi kama kimeoshwa na uzi wangu umelala kama umefiwa. Nikamuuliza ametumia uchawi gani. Akasema hewa imepewa njia nyingine. Sikuuliza njia gani. Nilikuwa na habari za kumchekesha mtu.

Julai ikaja na baridi yake yote. Uzi wangu haukusimama hata asubuhi moja. Kifua changu kilinyamaza njia nzima, kikabaki mdomo tu. Agosti mama akampigia shangazi kumwambia asitandike kile kitanda. Nilimwambia Karani, akasema imeandikwa.

Sasa niko kidato cha nne na nimetimiza miaka kumi na minane. Karani hashuki tena mjini. Macho yalianza kufanya ukungu, daktari akalitengeneza moja, la pili linangoja zamu, na mpaka hapo haruhusiwi kuendesha. Mimi nimepata lifti ya mwalimu wetu mmoja wa Kiamunyi ambaye siku hizi analala kwa wakwe zake Bahati, gari lake jipya, lina joto kwa kubonyeza, na sina hadithi yoyote kulihusu. Nani anahakikisha lango la mahakama linafunguliwa kwa wakati, sijui.

Mwezi jana Karani alituma neno kwa mama, pamoja na chupa ya maziwa, kwamba Shahidi anahitajika Jumamosi mchana, uwanja wa mnada wa ng'ombe. Nilimkuta ameshafika, gari limesukumwa na vijana wa boda, pedi nyeupe ikiwa kwenye jicho. Akasema gari lisipotembea linakufa, na yeye hawezi, na kwa hiyo nitatembeza mimi, humu humu uwanjani, siku isiyo ya mnada. Nikasema shikamoo bila sauti ya roboti. Akaenda kukaa upande wa abiria, kiti changu. Akausindikiza mlango.

Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake. Kila kitu kilikuwa upande usiofaa. Nililizima mara tatu, la nne likaruka kama sungura, kisha likakubali, na nikakata uwanja mzima kwa gia ya kwanza nikijisifu kwa sauti. Akaniambia niongeze. Nikaongeza. Na upepo ukanigonga.

Ulitoka kwenye tundu la kulia. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwa umenyooka, kama kidole. Uligonga mkono wangu wa kulia ulipokuwa kwenye usukani, ukapanda, ukanishika sikio la kulia, ukabaki hapo. Nikasogeza kichwa. Ukanifuata. Nilitazama tundu, nikaona mahali uzi wa pili ulipokuwa umefungwa na baadaye ukafunguliwa. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Nikajaribu kuufikiria upepo huo saa kumi na mbili asubuhi, Julai, kutoka Bahati hadi mjini, asubuhi zote zile nilizokuwa nikiigiza sikio moja.

"Karani," nikasema, "huku kuna upepo."

"Upo."

"Hukuziba huku."

Alikuwa akitazama uwanja kwa jicho lake moja lililobaki wazi. "Kioo lazima kipate hewa, na hewa lazima itoke mahali," akasema. "Na hicho kiti hakikutajwa kwenye mashtaka."

Nilitafuta kichekesho. Huwa havikosekani, huwa vinapigana mlangoni. Nilizunguka uwanja mzima nikitafuta, sikio likiniuma, na sikupata hata kimoja. Yeye akafungua kile kisanduku cha dashibodi, akatoa marvin nyekundu, ukingo wake ukiwa umefumuka pale alipokata nyuzi, akaniwekea kwenye mapaja. Nikaivaa kwa mkono mmoja. Nikaivuta upande wa kulia.

"Shahidi ana la kuongeza?" akauliza.

"Asante, Karani."

Alingoja mpaka nikaingiza gia ya pili bila kuikwaruza.

"Imeandikwa," akasema.